Gari Lililozima Kwenye Zamu Yangu Tu

Gari la marehemu baba lilikuwa likinizimikia mimi peke yangu.

Kaka yangu Qadamsho akiliendesha, wiki nzima halikohoi. Nikilishika mimi, gari lile lile, mafuta yale yale, barabara ile ile, linakufa katikati ya mlima. Nikilirudisha nyumbani na kulipekua, halina ugonjwa wowote.

Mnaosoma mtasema ni mkosi. Mimi sikusema mkosi. Mimi nilisema ni Qadamsho.

Ngoja niwaeleze vizuri mnielewe.

Kwetu ni bonde la Bartang, huko kwenye milima ya Pamir. Barabara imechongwa ubavuni mwa mlima, chini mto, juu mawe yanayoporomoka yakijisikia. Gari la huku ni la kuvuta magurudumu yote manne, la sivyo baki nyumbani. Letu ni la Kijapani, la petroli, la zamani mno. Baba alilinunua mimi sijaota ndevu, na ndilo lililotulisha wote kwa kubeba abiria na mizigo hadi mji wa Rushon, na siku nyingine hadi Khorog.

Baba alipofariki nilikuwa Urusi, kwenye vibarua vya ujenzi. Sikumzika. Habari ilinifikia baba ameshafukiwa.

Qadamsho alisema alinipigia, simu haikupatikana. Nikamwita muongo. Akanijibu mbele ya wafiwa wote kwamba mtu ambaye hakubeba jeneza la baba yake asije kudai usukani wake.

Basi ikawa mwisho wa maongezi. Miaka ikapita hatusemeshani. Tukikutana njiani, kila mtu anaangalia mlima wake.

Sasa tatizo likaja hapa. Baba aliacha neno kwamba gari ni la wote wawili, wiki ya Qadamsho, wiki ya Mamadyor. Mamadyor ndiyo mimi. Na kwetu neno la marehemu halivunjwi, hata kama linawakaba shingo. Tukawa tunachangia gari kama wake wenza wanaochangia jiko.

Gari lilikuwa likilala kwake kwa sababu kwangu lango ni jembamba. Asubuhi ya zamu yangu nakwenda kuchukua funguo. Mwenyewe hatoki. Anatoka mkewe, shemeji yangu Savsan, ananikabidhi funguo na kunitakia safari njema huku ameinamisha macho.

Nilidhani anaona haya kwa sababu ya mumewe. Ngoja, tutafika.

Lilipozima mara ya kwanza sikujali. Gari kuukuu litakosaje kuzima? Nikakaa kidogo, nikapiga starta, likawaka, tukaendelea.

Mara ya pili nikafungua boneti.

Mimi si mbumbumbu wa magari, jamani. Haya magari ya zamani yana namna yake ya kusema yanapoumwa. Ndani ya boneti kuna kijisanduku chenye matundu. Unachukua kipande cha waya, unaunganisha matundu mawili, unafungua swichi bila kuwasha, kisha unakaa unaitazama taa ya injini kwenye dashibodi. Itapepesa. Wewe kazi yako ni kuhesabu, na kila hesabu ina maana yake.

Taa ikapepesa mara moja. Ikatulia. Ikapepesa mara tatu. Halafu ikarudia.

Maana yake, kompyuta ya gari haipati habari kwamba injini inazunguka. Na isipopata habari hiyo inakata moto, inakata mafuta, inakuachia gari limekufa mikononi.

Habari hiyo hutoka kwenye sensa iliyo ndani ya distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Nikatafuta sensa nyingine kwa wauza vipuri vya mtumba Khorog, nikafunga. Gari likazima. Nikabadili distributa nzima. Likazima tena, moja na tatu, moja na tatu, kama linanizomea.

Zamu yangu ilipokwisha niliipima waya yake uwanjani kwa Qadamsho, mwanzo hadi mwisho. Nzima. Nikalitikisa gari, nikaliacha lingurume mpaka likachemka. Halizimi. Namba ile haikuambii kitu gani kimekufa, inakuambia tu habari haikufika. Mjumbe nimembadilisha, njia nimeikagua ni salama, na habari bado haifiki.

Hapo ndipo akili yangu ilipokata shauri. Ugonjwa unaomjua dereva una mkono wa mtu.

Na mtu huyo gari linalala kwake.

Mbaya zaidi, abiria wakaanza kuhesabu zamu. Mama mwenye magunia yake ya aprikoti kavu ananiangalia, anasema atasubiri wiki ijayo. Dukani nikaambiwa Qadamsho amesema gari linamjua mwenye nalo. Watu wakacheka. Nilitamani kumpasua.

Halafu nikasikia anapita kwa ndugu, nyumba hadi nyumba. Anawaambia Mamadyor anaua gari la baba, heri aachie zamu zake kabla halijawa chuma chakavu.

Mimi nikinyang'anywa usukani nabaki na nini? Shamba langu ni mawe. Nina watoto watatu. Nikiukosa usukani ule, narudi Urusi kubeba zege na kulala watu kumi chumba kimoja, na watoto wanakua wakiniona kwenye simu. Hicho ndicho nilichokuwa nakipigania, wala si chuma.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Ilikuwa zamu yangu, gari limejaa. Tunapanda ule mlima mkali kabla ya daraja la magogo, gia ya kwanza, taratibu. Katikati ya mlima injini ikanyamaza.

Nikakanyaga breki. Breki ya gari lililozima ni nzito kama unakanyaga ukuta. Ya mkono ilishakufa enzi za baba. Gari likaanza kurudi nyuma.

Usukani ukagoma. Nyuma kuna mama analia jina la Mungu. Kioo cha pembeni kinanionyesha mto, na ule mto hauna mchezo, ukimeza kitu haukirudishi. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili mpaka kiuno kikanitoka.

Abiria mmoja akaruka na jiwe letu la kuzuia tairi, akalitupa nyuma ya gurudumu. Gari likapanda jiwe, likayumba, likasimama. Tulipotoka kila mtu alikaa chini palepale barabarani. Mama wa nyuma alinishika mkono akawa anauminya tu.

Mimi sikukaa. Nikaunganisha waya yangu, nikahesabu. Moja na tatu.

Nililiwasha, nikawafikisha abiria, nikageuza. Njia nzima nilikuwa nazungumza peke yangu. Safari hii amevuka mpaka, nasema. Kunizimia gari ni uhasama, tumezoea. Kutaka kunitia mtoni na watu wa watu ni uuaji.

Nilifika kwake nikashuka na mpini wa jeki.

Savsan aliponiona nilivyo akarudi ndani akafunga mlango. Nikaupiga teke. Qadamsho akafungua, hana hata fimbo, akasimama mlangoni kunitazama tu. Nikainua mpini.

Mtu akanishika ukosi kwa nyuma. Ni shangazi Zarinamo, dada yake baba, anayekaa nyumba ya pili. Yule mama ni mfupi, amekonda, na sijawahi kuona mwanaume akishindana naye akashinda. Alisema nikimpiga kaka yangu, yeye atanilaani, na Qadamsho akinigusa atamlaani pia, na laana yake haina zamu.

Tukaketi. Nikamwaga yote. Qadamsho alisikiliza ameangalia ukuta, kisha akamwambia shangazi, si mimi, kwamba hajawahi kugusa injini kwenye zamu yangu, na kwamba dereva mbovu hakosi mchawi.

Shangazi akatoa hukumu. Zamu yangu ijayo, asubuhi, gari lipimwe palepale uwanjani mbele ya watu. Ukikutwa mkono wa Qadamsho, usukani anauacha, gari linakuwa langu. Usipokutwa mkono wa mtu, mimi ndiye ninayeuacha. Tukaapa kwa kaburi la baba.

Qadamsho aliapa haraka kuliko mimi. Hilo lilinitia wasiwasi, lakini nilikuwa nimekwisha kula yamini.

Wiki yake ikapita. Gari halikuzima hata mara moja, bila shaka.

Asubuhi ya zamu yangu kijiji kizima kilikuwa juu ya ukuta wa Qadamsho. Wengine wamekuja na chai zao. Abiria nao wamekaa juu ya mizigo, wanasubiri kujua dereva wao ni nani. Savsan akanipa funguo.

Kupima hitilafu inayokuja na kutoroka kunahitaji watu wawili. Mmoja akae ndani, injini inawaka, aitazame taa. Mwingine aingie ndani ya boneti, azitikise nyaya moja moja mpaka aguse penye ugonjwa. Nikasema mimi ndiye nitakayegusa nyaya, yeye sitaki hata mkono wake uonekane humo. Akae kwenye kiti aseme anachokiona.

"Shangazi, mwambie awashe," nikasema.

"Shangazi, mwambie mimi si tingo wake," akajibu akiwa kwenye kiti.

Shangazi akasema yeye si redio, na yeyote atakayemtuma tena atapigwa kiatu. Qadamsho akawasha.

Nikaanza mbele. Nyaya za betri, nikatikisa. Injini inanguruma. Za distributa, nikavuta, nikapinda. Inanguruma. Nikaenda plagi hadi plagi. Ukutani watu wakaanza kunong'ona, mmoja akaniuliza kama nakamua ng'ombe. Jasho likanitoka na baridi ile. Nilianza kuwaona wanangu kwenye simu.

Ikabaki sehemu moja tu. Kule nyuma kabisa, chini, fungu kubwa la nyaya limefungwa tepu nyeusi, linapita kwenye ukuta wa injini kuingia ndani ya gari. Huwezi kuona kule. Unalaza kifua juu ya injini, unapeleka mkono gizani.

Nikapeleka. Nikalishika fungu, nikalitikisa.

Injini ikanyamaza.

Sasa kila kitu kilikuwa mdomoni mwa adui yangu. Angeweza kusema yeye ndiye aliyezima swichi, na nani angembishia?

"Taa imewaka," Qadamsho akasema. "Injini imezima yenyewe."

Akawasha tena bila kuambiwa. Nikatikisa tena, ikafa tena. Nikapapasa vizuri, kitu kikanichoma kidoleni. Nikakivuta kwa hasira kikatoka.

Ilikuwa pini ya nepi. Ile kubwa, yenye ushanga wa buluu wenye jicho jeupe. Ilikuwa imedungwa kwenye fungu la nyaya, imepenya tepu, imepenya ngozi ya waya ile ile inayobeba habari, na kugusa nyuzi za chuma zinazoizunguka kuikinga. Gari likirukaruka inapiga shoti. Ukiichomoa, tundu linajifunga, waya inakuwa nzima, na hakuna fundi duniani atakayejua kitu.

Nikaiinua juu wote waione, damu inanichuruzika. Maneno niliyoyasema siwezi kuyaandika hapa. Nilimwita mchawi, muuaji, nikasema hata baba anageuka kaburini. Qadamsho alishuka, akaja taratibu, akaiangalia ile pini kiganjani mwangu. Uso ulimpauka wote.

Kisha akachomoa funguo kwenye swichi, akaziweka juu ya boneti.

"Mkono ni wangu," akasema. Akaanza kuondoka.

Nilitaka kushangilia, wallahi. Nilishafungua mdomo. Ila nikaona watu ukutani hawashangilii. Wanawake walikuwa wameshika midomo.

Shangazi Zarinamo akainuka, akaninyang'anya ile pini, akaigeuzageuza. Akaniuliza kama Urusi wamenitoa ubongo. Huu ushanga, akasema, wanadungwa watoto wachanga na maharusi, kuwakinga na kijicho na vifo vya ghafla. Tangu lini mtu akamvalisha adui yake kinga?

Nilikuwa na hasira tu, na hasira ilikuwa inakosa pa kukaa.

Savsan ndiye aliyepasuka. Mumewe akamwambia anyamaze, yeye akajibu kwamba amenyamaza vya kutosha.

Akasema kila zamu yangu, hata asubuhi ile, Qadamsho huamka kabla sijafika, anaisomea dua ile pini, anaidunga. Mahali ambapo sitaiona, kwa maana nikiiona nikajua imetoka kwake nitaitupa mtoni. Ndani ya boneti kila kitu ni chuma, kitu pekee kinachodungika ni yale manyaya. Nikirudi salama anaichomoa, kwa kuwa kinga ni ya msafiri, si ya gari.

"Na hiyo pini ni yako," akaniambia. "Mama yenu alikudunga kofiani ulipozaliwa. Mume wangu mwenyewe akisafiri hana kinga yoyote."

Mama alikufa sijamjua. Mimi sikujua hata kama kuna kitu chake kilichobaki duniani.

Nikamgeukia Qadamsho. Alikuwa amesimama langoni, kanipa mgongo.

Kwa mara ya kwanza tangu msiba wa baba, alinisemesha. Aligeuka akaniangalia usoni.

"Nakuchukia, Mamadyor. Tena sana. Lakini sikutaka ufe."

Halafu akataja mlima ule wa daraja, na abiria. Akakaa chini pale langoni, mtu mzima, akafunika uso kwa kofia. Alikuwa ndiyo kwanza ameelewa ni nani aliyekuwa ananisukuma mtoni.

Nilikuwa nimeshinda. Gari langu, usukani wangu, mashahidi ukuta mzima. Nikazitazama funguo pale juu ya boneti.

Nikamfuata na funguo. Nikamwambia achukue. Akasema kiapo ni kiapo, mkono umekutwa, toka mbele yangu. Nikamwambia usiwe punda. Akaniambia punda ni anayepindua abiria. Nikamtupia funguo, akanirudishia, zikanipiga kifuani. Tulitukanana pale langoni matusi ya miaka yote tuliyonyamaza, la msiba, la simu, la jeneza, mpaka sauti zikakauka. Abiria wakashusha mizigo yao, wakaomba chai kwa Savsan.

Siku hiyo hakuna aliyesafiri.

Mtaniuliza kama tulipatana. Hapana. Alikataa usukani muda mrefu, akawa anatembea kwa miguu mpaka viatu vikatoboka, kisa kiapo. Mwisho shangazi alitangaza kwamba yeye ndiye aliyetoa hukumu na ameifuta, na asiyetaka akamdai kaburini. Zamu zikarudi kama baba alivyosema.

Nilichojifunza ni hiki, na kimenigharimu. Ukimchukia mtu unaacha kumuuliza. Maswali yote unajijibu mwenyewe, na kila jibu linatoka na jina lake. Mimi gari liliniambia ukweli tangu siku ya kwanza, kwamba habari haifiki. Nikatafuta mwizi wa habari badala ya kwenda kugonga mlango. Na wewe unayempenda mtu kwa kificho, mwambie. Wema wa gizani unaweza kumtia mtu mtoni.

Juzi mawe yalifunga barabara, nikachelewa sana kurudi. Nilipofika penye mtandao simu ikaita. Ni Qadamsho. Akanitukana mimi, akalitukana gari, akaitukana barabara na walioichimba. Nikamtukana na mimi. Akauliza niko wapi hasa, nikamwambia, akakata simu bila kuaga.

Nilipokuwa napinda kuingia kijijini, nikamkuta amekaa juu ya jiwe kando ya njia. Alinyanyuka, akapangusa suruali, akatangulia kwenda nyumbani bila kunisalimia.